Mwaka Kanisa Lilipobeba Majani

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Ukimuuliza mtu wa umri wangu hapa Machame ulikuwa mwaka wa ngapi, atakuna kichwa. Mtajie unga wa njano, atakunja uso palepale kama ameguswa jino bovu. Mvua za masika zilitupita juu kwa juu, migomba ikazaa mikungu yenye ndizi kama vidole vya mtoto, tukazikata kabla hazijajaa. Basi ukaja unga huo kwa magunia, tukaupangia foleni pale duka la kijiji, na ukiusonga ulinuka kama stoo iliyofungwa tangu zamani. Mtu wa Machame kula ugali mchana, kula ugali jioni, tena wa njano! Wazee walisema afadhali njaa, njaa haina rangi. Sukari hakuna, sabuni hakuna. Chai tuliinywa na kipande cha kiazi kitamu mkononi, unang'ata, unapiga funda, unajidanganya. Kiburu, ndizi na maharage yaliyopikwa na kupondwa pamoja, kilikuwa chakula cha Jumapili watu wakitoka kanisani. Kwetu hata Jumapili hakikuwa na utamu, kwa sababu kanisani nilikuwa siruhusiwi kukaa na wenzangu. Nilikuwa nimetengwa.

Nayakumbuka haya kwa sababu wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja na habari. Mjukuu wangu ni mchungaji. Nalisema hivyo hivyo, silipambi, maana mimi shule niliishia darasa la nne na kalamu yangu inatembea kama kuku mwenye kamba mguuni, lakini aliyetoka kwa binti niliyemzaa amevaa joho na anahubiri watu wazima wananyamaza. Anaitwa Aneth. Aliingia jikoni kwangu, akaamkia, akakaa kwenye kigoda changu bila kuambiwa, nikajua ana jambo. "Bibi," akasema, "Mwinjilisti Ntandu amefariki. Wamenipigia kutoka Singida." Nikaendelea kumenya ndizi. Nilimenya tatu, nne, ndipo nikaona nimetupa ndizi kwenye maganda na maganda nimeyaweka kwenye sufuria. Aneth aliona, akayatoa maganda polepole, ana adabu. Alipoona nimefuta macho akaongeza la pili: Jumapili watamkumbuka marehemu ibadani, na yeye anataka nisimame mbele, nishike kipaza sauti, nieleze watu kanisa letu lilifufuka vipi. "Ukisimama mbele, Bibi, watu watalia." Nikamuuliza, "Walie nini, mimi ni kitunguu?" Akacheka. Nilimwambia kwanza ale.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mtoto wa miezi miwili, Haika. Baba yake alikuwa dereva wa lori la kahawa. Lori liliondoka, naye alikuwa ndani. Hiyo inatosha juu yake. Jina langu lilisomwa kanisani na mzee wa kanisa, Mzee Eliamani, jirani yetu, mtu ambaye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, na chetu vilipakana, mtu aliyenibeba mabegani nikiwa mdogo. Alilisoma kwa sauti ileile anayotangazia mnada wa mayai na mikungu ya sadaka baada ya ibada. Utaratibu ulikuwa huu: aliyetengwa haendi Mezani pa Bwana, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na mtoto wake habatizwi mpaka mama asimame mbele ya usharika wote, aungame, ndipo arudishwe kundini. Mimi sikuwa peke yangu. Mmoja alitengwa kwa kupika mbege, pombe yetu ya ndizi, mwingine kwa kuoa wa pili, mwingine kwa kumpeleka mtoto kwa mganga. Na kila aliyetengwa, mama yake alibaki nyumbani kwa aibu, na dada yake, na shangazi. Kanisa likawa kama mdomo wa mzee, jino hapa, pengo pale. Kengele ililia, na watu waliisikia vizuri sana wakiwa wamekaa vihambani kwao.

Siku Mzee Eliamani alipokuja kwetu nilikuwa jikoni nanyonyesha. Jiko letu lilikuwa nyumba ya peke yake, nusu yetu, nusu ya ng'ombe. Moshi ulikuwa umepaka dari weusi unaong'aa kama kiatu cha askari, na ng'ombe alikuwa anahema nyuma ya mgongo wangu. Niliwasikia nje. Mama yangu alikuwa anaongea kama mtu anayebembeleza kuku aingie bandani. "Shemeji, mtoto anakohoa. Usiku kucha anakohoa. Akifa bila maji ya ubatizo nitamzika vipi, bila kengele, kama paka?" Mzee Eliamani akasema, "Mama Aisia, jambo ni dogo. Jumapili asimame mbele, aseme nimekosa, mchungaji akija mwezi ujao anambatiza. Mbona wengine wamesimama? Dakika mbili." Mama akaniita. Nilitoka na Haika kifuani, moshi bado machoni, na yule mzee akaniangalia miguuni badala ya usoni. Nilimwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba. Nilitaka kusema vizuri. Kilichotoka ni hiki: "Mbele sisimami. Anayenitaka anajua njia ya kwetu."

Mama alijifunika uso kwa kanga. Mzee Eliamani akachukua fimbo yake akaenda, na kutoka siku hiyo nikawa mtu wa mfano. Kule kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, nikifika na ndoo mazungumzo yalikatika kama redio iliyoishiwa betri. Mama Kundaeli, kiongozi wa akina mama, mwenye ulimi uliokwisha kunyoa watu wengi bila wembe, alisema kwa sauti ili nisikie: "Siku hizi malkia wanatembelewa nyumbani." Wenzake wakacheka. Nilichota maji yangu. Lakini niseme ukweli, usiku nilipomsikia mtoto anakohoa nilijiuliza kiburi changu kitamlipia nini. Kama angekufa, mama asingenisamehe, wala mimi nisingejisamehe. Na bado miguu haikukubali. Wengine wamesimama, ndiyo. Niliwaona. Dada mmoja alisimama pale akiungama na vijana walioko nyuma walikuwa wanabinyana. Yule dada alirudishwa kundini, na hakuimba tena mpaka leo.

Wakati huo ndipo akaletwa Mwinjilisti Ntandu. Mtu wa Singida, mrefu, mweusi, mashati mawili, akapewa kile chumba cha nyuma ya kanisa tulichokuwa tunahifadhia mabenchi yaliyovunjika. Watu walimcheka. Alikula ugali wa njano bila kukunja uso, akasema kwao mwaka wa njaa hata huo hawakuuona. Hakujua ndizi ipi ya kupika na ipi ya mbege. Aliaga watu saa mbili nzima, na aliamkia mpaka wanaomzidi mwaka mmoja. Mzee Eliamani akamtembeza, akamweleza shida za mtaa wetu, na katika shida hizo nikiwemo mimi. Haya nilisimuliwa na Ntandu mwenyewe baadaye. Mzee alisema, "Kuna binti mmoja kichwa ngumu, anatuambia anayemtaka anajua njia ya kwao." Alitegemea mgeni acheke. Ntandu akauliza, "Na njia ya kwao ni ipi?"

Akaja. Alipiga hodi jikoni, akainama kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, akaligonga paji la uso hata hivyo. Mama alikuwa amepika kiburu kidogo kwa ajili yangu ninayenyonyesha, akampa bakuli. Alikula taratibu, akasema, "Mama, hiki ni maharage yamelewa ndizi, au ni ndizi zimelewa maharage?" Mama akacheka. Nilikuwa sijasikia mama anacheka tangu tumbo langu lionekane. Nilingoja aanze mahubiri. Hakuanza. Aliuliza mtoto anaitwa nani. Akauliza mbona ng'ombe amekonda. Nikamwambia majani yamekwisha huku juu, akina mama wanashuka kukata kule chini tambarare, wanatoka alfajiri kwa kundi na kurudi na mizigo kichwani saa sita. Mimi nina mtoto mchanga anayekohoa, mama anaumwa magoti, na kundi halinitaki. Akatikisa kichwa. Akaomba mundu. Nilidhani anataka kuuangalia.

Alhamisi, jua limeshapanda, niko uani nachambua maharage, nikasikia kicheko kinapanda barabarani, kicheko cha watu wengi. Alikuwa Ntandu. Mwanamume mzima, tena mwinjilisti, mzigo wa majani kichwani! Huku kwetu mwanaume anajenga banda, anachinja, anapogoa kahawa. Majani ni ya mwanamke. Shingo yake ilikuwa inayumba, jasho linaingia kwenye kola, watoto wanamfuata kama arusi. Aliingia uani, akautupa mzigo mbele ya mama, puu. Na mama akawa ameshika mdomo. Nikaangalia anachoangalia. Mzigo ulikuwa umefungwa kwa sale. Majani matatu marefu ya sale, mabichi, yameungwa na kupigwa fundo juu.

Vijana wa sasa mnayaona masale kwenye mipaka mnadhani ni maua. Sale ndilo linaloonyesha kihamba kinaishia wapi, ndilo linalosimama kwenye kaburi la babu, na mtu aliyekukosea akitaka amani anakuja na jani la sale limepigwa fundo. Akikuletea, umekwisha. Hata kama alikuchomea nyumba, hulikatai. Kulikataa ni kujiletea laana wewe mwenyewe. Sasa huyu, mtu wa kanisa, ameleta sale kwetu, tena limefungwa, tena mchana watu wote wanaona. Mama alipiga magoti na yale magoti yake mabovu, akafungua fundo kwa mikono miwili, akasema kwa Kichagga, kisha kwa Kiswahili ili mgeni asikie: "Tumepokea. Yamekwisha." Akaenda akalichomeka juu ya mlango. Ntandu akajifuta jasho. "Pokeeni tu, Mama, ni majani. Kamba ya mgomba ilinikatikia pale kwenye kona, nikakata hayo ya ule ua kufungia." Nikamuuliza ua upi. Akanyoosha kidole. Ulikuwa mpaka wa Mzee Eliamani.

Habari ilifika juu msituni na chini barabara kubwa kabla ng'ombe hajamaliza ule mzigo. Kanisa limepeleka sale kwa Aisia! Si sale la mtu mwingine, ni la Mzee Eliamani mwenyewe! Aliyetengwa ndiye ameombwa radhi! Jioni Mzee Eliamani alikwenda kile chumba cha mabenchi, na Mama Kundaeli, aliyekuwa anafagia kanisa, akaegemea ufagio upande wa pili wa mbao asikose neno. Yeye ndiye alinihadithia, baada ya miaka, akiigiza sauti zote.

"Nani alikutuma?" mzee aliuliza.

"Hakuna, Mzee. Ng'ombe alikuwa na njaa."

"Unajua umefanya nini? Umekata mpaka wangu, umeniombea radhi mimi, kwa mtoto niliyemtenga mimi!"

Ntandu aliuliza maana ya sale. Mzee akamweleza, kwa hasira kwanza, halafu kadiri anavyoeleza hasira ikawa inapungua, maana huwezi kueleza jambo la babu zako huku unapiga kelele. Mama Kundaeli alisema alisogeza sikio kwenye ufa wa mbao. Kisha Ntandu akasema, "Nisamehe kwa kukata mpaka wako, Mzee, hilo sikujua. Lakini kama maana yake ni hiyo, basi kwa yule binti sikukosea." Mzee akasema atatangaza Jumapili kwamba yalikuwa makosa ya mgeni. Ntandu akamwambia, "Tangaza, Mzee. Mimi nitakubali mbele ya wote. Ila niambie kwanza, kwenu sale likishapokelewa linarudishwaje?" Mzee akavaa kofia yake akatoka. Halirudishwi. Hakuna mtu aliyewahi kulirudisha. Angetangaza, angekuwa mzee wa kwanza wa Machame kunyang'anya sale mlangoni mwa jirani yake.

Jumapili hakutangaza kitu. Alisoma matangazo mengine yote, akarudi kukaa. Mimi nilikaa nyumbani, mtoto alikuwa na homa, nikawa namkanda kwa maji ya vuguvugu na kumwangalia mbavu. Wiki hiyo ndiyo niliyoogopa kuliko zote maishani mwangu. Mama hakunisema. Kila akipita mlangoni alilitazama lile jani kama mtu anayetazama saa.

Alhamisi tena, saa sita. Safari hii hapakuwa na kicheko barabarani. Kimya hicho ndicho kilichonitoa nje. Mbele alikuja Mzee Eliamani. Koti lake la kanisani, kofia mkononi, na juu ya upara wake mzigo wa majani, mdogo, umefungwa vibaya, unamwagika mabegani. Mzee wa kanisa. Nyuma yake Ntandu na mzigo wake, na nyuma ya Ntandu Mama Kundaeli na akina mama wanane, kila mmoja na wake, wameuma midomo wasicheke. Mzee alishusha, akasimama anahema. Alinitazama usoni. "Sale sikuleta mimi," akasema. "Hilo Mungu analijua. Majani nimeleta mimi." Nilimpa kigoda, nikampa maji, na alipokuwa anakunywa niliuangalia ule mkono ulionishika miguu nikiwa mabegani mwake. Mama Kundaeli alikuwa ameshaingia jikoni bila kukaribishwa. Nikamsikia anapiga kelele: "Mae! Mtoto huyu mnamweka kwenye moshi halafu mnashangaa anakohoa? Aisia, lete blanketi! Leo analala kwangu, wewe na yeye, chumba kina dirisha." Tukalala kwake wiki mbili. Alinipa uji na matusi kwa kipimo sawasawa. Kikohozi kikaisha.

Mchungaji alipokuja mwezi uliofuata, Mzee Eliamani alimleta kwa njia ile ile ya majani. Nilibatiziwa mtoto uani kwetu, kwa maji ya mfongo kwenye bakuli la kiburu lililooshwa mara tatu, na usharika ulisimama kati ya migomba kwa sababu uwanja haukutosha. Sikusimama mbele. Wao ndio walisimama mbele yangu, na mimi nilikaa kwenye kigoda na mtoto. Mchungaji aliniuliza kwa sauti ya chini, mimi na yeye tu, kama nina la kusema kwa Mungu. Nilikuwa nalo, nikalisema. Ninyi haliwahusu.

Baada ya hapo Alhamisi ikawa siku ya majani. Walianza na yule mpika mbege aliyevunjika mguu, wakaenda kwa wale wake wenza wawili, wakaenda kwa Mwislamu mmoja mjane kule barabarani ambaye hakuwa na habari na kanisa letu na hakuwa nayo hata baadaye, ila ng'ombe wake alinenepa. Ntandu alikataza kuhubiri ukiwa na mzigo. Alisema shingo haiwezi kazi mbili. Watu wakarudi bila kuitwa. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Wasomi wataeleza. Najua tu kwamba kufika Krismasi benchi la nyuma lilikuwa limejaa vijana waliochelewa, na hakuna aliyekumbuka kwamba lilikuwa letu. Unga wa njano ulikuwa bado upo. Tuliukoroga kwenye kiburu cha sikukuu ili kitoshe wote, na Mzee Eliamani alikula mabakuli mawili akisema ni kibaya.

Ntandu alikaa kwetu miaka saba, akarudi kwao. Siku anaondoka mama alimpa jani la sale, akaliweka ndani ya Biblia yake. Aneth ananiambia wamelikuta humo, kavu kama karatasi, na watoto wa marehemu hawakujua ni la nini.

Jana Aneth alikuja tena. Alikuwa amechoka. Kanisa ni zuri sana sasa, vigae, viti, ile mashine ya kutupa picha ukutani, na vijana wanaobebea wazungu mizigo mlimani wanakaa pale kijiweni Jumapili nzima, wanaisikia kengele vizuri sana. Ameandaa semina, hawakuja. Ameandika bango. "Ndiyo maana nakutaka wewe, Bibi," akasema. "Nimeshakuwekea kiti cha mbele. Kitenge kimeshashonwa. Mama naye anatoka Moshi kuja kukuona." Mama yake ni Haika, huyo huyo wa kikohozi, nesi, anatufokea wote. Nilimwangalia mjukuu wangu, kola nyeupe, macho ya mama yangu. Mundu ule ule aliouomba Ntandu ulikuwa unaning'inia ukutani nyuma yake, ninaunoa mpaka leo. Nilimwekea kiburu, nikakaa karibu naye, nikamshika mkono laini usio na kovu hata moja, nikamjibu:

"Mbele sisimami. Anayenitaka anajua njia ya kwetu."